Mwenye Kuingia Asuke Kwanza

Kibuyu kilifika kwetu Kilibula wiki iliyopita, kimefungwa katika kitenge kilichopauka, mgongoni kwa mwanamke aliyeshuka kwa miguu kutoka Bijombo, juu milimani, na viazi vyake vya kuuza. Hakukaa. Alikunywa maji amesimama, akasema Mama Nyamwiza amefariki, ameshazikwa, na kwamba kibuyu hiki aliagiza apewe "yule mutoto wa mikono." Mama yangu akanionyesha kwa kidevu. Mwanamke akanitazama mikono, nadhani alitegemea kuona kitu kikubwa zaidi, akaniwekea kibuyu mapajani na kwenda sokoni.

Nimemaliza chuo. Shahada yangu iko ndani ya bahasha, barua ya kupangiwa kazi haijafika, kwa hiyo muda wa kufikiri ninao kuliko inavyofaa. Siku ile nzima nilifikiri juu ya kizibo. Nikikitoa, kutakuwa na harufu au hakutakuwa? Ikiwepo, nitaifanyaje? Isipokuwepo, je, nitajua kwamba ilikuwepo kweli zamani? Mwishowe mama alichoka nami, akaja akakichomoa kama anavyochomoa mwiba, akarudi kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akichambua. Harufu ikatoka: moshi wa nyasi, maziwa yaliyolala, ngozi ya mtu mzima aliyeshinda kazini. Mabega yakaanza kuniuma. Sisemi kwa mfano. Yaliuma kweli, pale pale yalipokuwa yakiuma nilipokuwa na miaka minane.

Ninyi mliokulia kwenye ufuko huu wa ziwa mnajua mambo yalivyofuatana, uhuru kwanza, kisha uasi. Wengine wenu mna habari kubwa kuliko yangu, na ninawaachia hizo. Mimi nataka kusema juu ya siagi.

Siagi ya kwanza niliyoiona ilikuja na uhuru. Baba alikuwa karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na siku ya sherehe alirudi nyumbani na kopo la siagi ya Wazungu, nusu yake ikiwa imeshaliwa, alilopewa na mkubwa wake aliyekuwa akifunga masanduku. Alinipakia mkate kwa kisu. Mdogo wangu Byamungu, ambaye alikuwa hajaota meno, alinyonya kidole cha baba. "Kuanzia leo," baba akasema, "hii haiko tena ya Bazungu peke yabo." Nikaelewa, kama mtoto anavyoelewa, kwamba uhuru ndio huo: kitu cha njano, cha chumvi, kinachoyeyuka kabla hujajua kama umeshakimeza. Kwa muda mrefu, watu wazima walipolalamika kwamba uhuru unachelewa, nilidhani wanangojea kopo la pili.

Kopo la pili halikuja. Ulikuja uasi. Barabara ikafungwa, chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko, na vijana wenye majani kichwani wakashika mji. Walikuwa wakimtafuta kila aliyewahi kushika kalamu ya serikali. Asubuhi moja baba hakuwepo. "Alienda Bujumbura," mama alituambia, akitushika mimi na Byamungu mashavu ili tumtazame. "Muntu akiuliza, alienda Bujumbura. Kama anauliza tena, alienda Bujumbura."

Ukweli niliujua baadaye, lakini nauweka hapa mapema, kwa sababu sipendi kumchezea mtu aliyechukua muda wake kunisoma. Baba hakwenda popote. Alikuwa juu ya vichwa vyetu, amelala darini kati ya matete na bati, mchana kutwa na usiku kucha. Mchana bati liliwaka kama kikaango. Na baba alikuwa na kifua kibovu tangu ujana wake. Kikohozi kimoja kikisikiwa na sikio lisilofaa, angeshushwa na kupelekwa kando ya mto Mulongwe, walikokwisha kupelekwa makarani wenzake wawili. Sisi hatukuambiwa, maana watoto husema. Hasa mimi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu mara mbili.

Mama Nyamwiza alitufikia katika majuma hayo hayo. Alikuwa ameshuka kutoka Bijombo na ng'ombe mmoja aitwaye Bihogo, mwekundu kama udongo uliolowa, na ndama wake. Ng'ombe wake wengine walikuwa wameliwa na vijana wa majani. Alikuwa na kibuyu mgongoni, mahali ambapo wanawake wengine hubeba mtoto. Mama alimpa jiko letu la uani alale, naye akatugawia maziwa. Ndivyo walivyopatana, bila maneno mengi, na bila kupendana sana mwanzoni. Mama alikuwa Mkatoliki, mgeni wetu Mprotestanti, na kila mmoja alipika huku akiimba nyimbo za kanisa lake kwa sauti ya kumfundisha mwenzake.

Bihogo hakuwa na maziwa mengi. Sehemu ilikuwa ya ndama, kikombe kimoja kilikuwa cha Byamungu, na kilichobaki kiliingia kibuyuni. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili kidogo, na siku ya tatu maziwa yalikuwa yamelala na kuganda, na kibuyu kilikuwa kimejaa nusu tu. Mama Nyamwiza alisema nusu ndiyo inayofaa, maziwa yanataka nafasi ya kuanguka. Kabla ya hapo alikuwa amekifukiza kibuyu kwa nyasi anazozijua yeye, akakipangusa mdomo, akakijaribu kwa pua kama mtu anayemnusa mtoto kujua kama ana homa. Kisha alitukalisha kwenye mkeka tuyasuke maziwa, miguu imenyooshwa, kibuyu mapajani, mkono mmoja shingoni na mwingine chini. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Mwanzoni sauti ni nzito, kama mtu anayetembea kwenye matope. Baada ya muda unatoa kizibo, upepo unatoka kwa mlio mdogo, unaziba tena. Mbele, nyuma. Halafu, ukishachoka kabisa, ukishaamini kwamba safari hii hakuna kitu, sauti inabadilika yenyewe. Inakuwa nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine, na ndani kuna kitu kinachogonga. Hapo Mama Nyamwiza alikuwa akiinua kidole: "Sikia. Inajikusanya."

Siagi ilitoka nyeupe, si ya njano, kiasi cha ngumi ya Byamungu. Aliiosha kwa maji baridi, akaikanda, akaiosha tena mpaka maji yakatoka safi. Mama aliiweka katika kopo la uhuru, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa la sindano na vifungo, akaenda kuibadilisha katika soko la Mulongwe kwa unga wa muhogo. Watu waliitaka kwa kupaka nywele na ngozi za watoto wachanga. Sisi tulilamba jani la mgomba lililofunikia kopo, upande wa ndani, mimi nusu na Byamungu nusu, tukipimana kwa macho. Mtindi uliobaki ulikuwa chakula cha jioni. Hakuna tone lililomwagwa katika nyumba ile.

Mama Nyamwiza alikuwa na sheria mbili, na alizisema mara moja tu. Ya kwanza: maziwa hayakaribii moto. Ukiyapeleka motoni, ng'ombe ataungua chuchu huko aliko. Ya pili ilikuwa ya nyumbani kwa mama yake: kibuyu kikiwa kinasukwa, mwenye kuingia asuke kwanza, la sivyo atatoka na mafuta, ndivyo alivyoiita siagi, miguuni mwake na ninyi mtasuka hadi kesho.

Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa kuja kuomba chumvi na kukaa hadi saa ya kula, alishikishwa kibuyu mara tatu kwa juma moja. Mara ya nne alisimama mlangoni akakataa kuvuka kizingiti.

"Nyumba gani hii!" akapiga kelele ili mtaa usikie. "Muntu anakuya kuomba chumvi, anarudi mikono yote imekufa!"

"Ingia basi, dada," Mama Nyamwiza akamjibu, "kuko nafasi ku mukeka."

"Kaa na nafasi yako!"

Mama alicheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko mzaha wenyewe. Leo najua alichokuwa akikicheka. Alikuwa amegundua kwamba sheria hii inafukuza wageni.

Tangu hapo kibuyu hakikupumzika. Mimi na Byamungu tulisuka maziwa yaliyolala siku tatu, tukasuka ya siku mbili, tukasuka ya asubuhi ile ile. Tulikuwa tukicheza uani, mama anatokea mlangoni, uso wake umekaza: "Kuyeni! Kibuyu!" Na ilikuwa lazima tuimbe. Mama Nyamwiza alituonea huruma mwanzoni, akamwambia mama waziwazi kwamba anaharibu maziwa, kwamba hata mtu mwenye njaa anapaswa kuwa na akili. Mama akamvuta chumbani. Walikaa humo kidogo. Mama Nyamwiza alipotoka alikuwa na uso mwingine, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alitutungia wimbo wenyewe, maana mama hakutaka wa Kiprotestanti na yeye hakutaka wa Kikatoliki:

Kibuyu, kibuyu, toa kichwa cheupe,
kimeamka, kimelala, toa kichwa cheupe.

"Kwa nguvu!" alikuwa akisema. "Mafuta haisikie batu ba kunong'ona."

Nilidhani mama amepatwa na tamaa. Hilo ndilo jibu nililolipata baada ya kufikiri sana: baba yuko Bujumbura, anakula siagi ya njano, na mama anaona wivu. Nilimwonea aibu kidogo. Wakati huo huo kila "kwa nguvu" ilikuwa ni kifua kinachopasuka juu ya matete, na sisi, bila kujua, tulikuwa mto uliowekwa juu ya mdomo wake.

Byamungu alilala akisuka. Kichwa kiliangukia kibuyuni, akaamshwa, akaimba akiwa amefumba macho. "Yaya," alinilalamikia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "minye mikono haiko tena yangu." Na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sijachoka tena, hata kwenye mitihani ya mwisho. Ni uchovu wa mtoto asiyejua kazi inaisha lini.

Ndiyo sababu nilifanya nilichofanya. Nilikuwa nimeona mafuta ya mawese yakiganda asubuhi na kuyeyuka kwa jua, nikawaza kwamba joto huharakisha kila kitu. Siku moja Mama Nyamwiza alipokwenda kukata majani, nilikipeleka kibuyu jikoni nikakizika hadi tumboni katika majivu ya moto. Nilihesabu hadi mia. Nilipokitoa na kukisuka, sauti ilikuwa laini, ya kipumbavu, na haikubadilika. Tulisuka hadi tukakata tamaa. Ndani kulikuwa na povu tu. Mama Nyamwiza alinusa, akanitazama, akakipeleka uani kukifukiza upya. Nami sikumwambia.

Siku tatu baadaye vijana wa majani walimkuta Bihogo akinywa maji mtoni. Hawakumrudisha. Ndama wake walimchukua pia.

Mama Nyamwiza alikaa chini mlangoni mwa jiko, miguu imenyooshwa kama mtu anayetaka kusuka, mapaja matupu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya choo, nikiwa nimejiziba mdomo kwa gauni. Kila mtu alisema ng'ombe ameliwa na waasi. Mimi peke yangu nilijua ameungua.

Na hapa ndipo kitu cha ajabu kilipotokea, ingawa mimi sikukiona cha ajabu. Ng'ombe amekwisha, maziwa yamekwisha, lakini asubuhi iliyofuata kibuyu kilikuwa mkekani, kizito. "Sukeni," mama akasema. Byamungu akauliza maziwa yametoka wapi. "Sukeni, mwana." Ndani kulikuwa na maji yaliyotiwa unga kidogo wa muhogo ili yawe meupe na yapate uzito. Hilo nililijua siku ya kwanza, nilichungulia, nikaonja. Sikuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza, kwa sababu nilidhani nimeelewa. Mama Nyamwiza amejua. Hii ni adhabu yangu. Nitasuka maji mpaka yatoe mafuta, na siku yakitoa, Bihogo atarudi na baba atarudi kutoka Bujumbura, maana kwa nini asirudi kama nyumba yake haina laana?

Kwa hiyo nilisuka. Nilisuka kuliko nilivyoamriwa. Mama alisema pumzikeni, mimi nikaendelea. Mikono ilivimba kwenye viungo, Mama Nyamwiza akaikanda kwa maji ya uvuguvugu, akamwambia mama kwa sauti ya chini: "Huyu mutoto iko na mikono ya mukubwa." Nilidhani ananikaripia.

Waasi walikuja mchana, jua likiwa kali. Wawili. Mmoja, mtu mzima, alibaki uani akifukuza kuku wetu wa mwisho. Mwingine aliingia. Alikuwa kijana, majani kichwani yamekauka, bunduki imefungwa kwa kamba ya mgomba badala ya mkanda. Mama alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba, Mama Nyamwiza ameketi kwenye kigoda, na sisi mkekani tukiimba.

"Karani iko wapi?"

"Alienda Bujumbura," mama akasema.

"Bote banaenda Bujumbura. Bujumbura imejaa makarani, habana hata nafasi ya kulala." Alitazama kuta. Alitazama meza. Kisha akainua mkono. "Nyamazeni kidogo. Nataka kusikia hii nyumba."

Byamungu akanyamaza. Mimi niliendelea, mbele, nyuma, nikiimba peke yangu kwa sauti iliyokwaruza.

"Weye, mutoto! Hausikie?"

"Nikiacha, mafuta itapotea," nikasema.

"Ipotee."

"Hapana!" Machozi yalikuwa yameshaanza, na pamoja nayo yakatoka yote niliyoyabeba. "Ng'ombe alisha potea juu yangu. Ni minye nilimuua. Nilitia kibuyu mu majivu ya moto, nilikuwa nachoka, nilitaka ikuye mbio."

Kijana akasahau nyumba. Alinigeukia mzima mzima, mdomo wazi.

"Ulipeleka maziwa ku moto?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Weye!" Alimtazama mama, kisha Mama Nyamwiza, kama mtu anayetafuta watu wazima humo ndani. "Na habakukupiga?"

"Habakujua."

"Sasa banajua," Mama Nyamwiza akasema. Aliinuka polepole, akajipangusa magoti. "Mwana wangu, kwenu ni wapi?"

"Juu. Ku ng'ombe," akasema, akionyesha milima kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana ana umri gani.

"Basi mama yako alikufundisha. Umeingia, kibuyu kinasukwa. Mwenye kuingia asuke kwanza."

Akakichukua kibuyu mikononi mwangu na kumpa. Wala hakuuliza. Alimpa kama unavyompa mtu mtoto ashike ufunge mlango. Kijana aliweka bunduki mkekani, akaketi, akanyoosha miguu. Mikono yake ilijua mahali pa kwenda.

Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Mara ya tatu mikono yake ikasimama.

Maji hayana ile sauti ya matope. Maji yanagonga pande zote sawa. Mtu yeyote aliyekulia karibu na kibuyu anajua, hata akiwa kipofu. Alimtazama Mama Nyamwiza, naye akamtazama, na hakuna aliyeondoa macho. Na katika ukimya huo, juu yetu, baba akakohoa. Hakikuwa kikohozi kizima. Kilikuwa kama kuku anayebanwa shingo. Vumbi la matete likashuka taratibu kwenye mwanga wa mlango, likatua juu ya mkono wa kijana, kwenye vinyweleo.

Aliutazama mkono wake. Hakuinua kichwa. Namkumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nikimtazama nikingoja aseme kama mafuta yamekaribia.

"Kuko nini humo?" yule wa uani akaita. Kuku alikuwa ameshakamatwa, tulimsikia.

Kijana akaanza kusuka tena. Kisha akaimba. Aliimba vibaya, maneno yetu kwa tuni ya kwao, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde: Kibuyu, kibuyu, toa kichwa cheupe. Byamungu akacheka, akamfuata. Nami nikafuata. Tuliimba hadi mwisho, mara mbili.

"Ni banamuke na batoto," akajibu nje. "Banasuka maziwa."

Alinirudishia kibuyu, akajitwisha bunduki yake ya kamba. "Mafuta yako inakaribia," akaniambia. "Usiache. Na usipeleke tena ku moto."

Walipokwenda, mama aliketi pale pale aliposimama, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Mimi nilikuwa na furaha kubwa. Mtu wa ng'ombe mwenyewe alikuwa amesema inakaribia.

Baba alishuka baada ya askari wa serikali kurudi. Mama aliweka ngazi katikati ya sebule, mchana, mbele yetu, na miguu ikatokea kwanza, myembamba, ya kijivu, kisha mgongo, kisha kichwa chenye nywele ndefu zilizojaa utando wa buibui. Byamungu alikimbia. Mimi sikushangaa hata kidogo, na hadi leo mama hunicheka kwa hilo. Tulisuka, na kilichokuwa ndani kikapanda juu, kikajikusanya, kikatoka. Baba alikuwa mweupe wa vumbi kichwa kizima. Sikuona kingine cha kueleza.

Hakuweza kutembea peke yake. Siku alipoitwa teritwari nilikuwa fimbo yake. Aliegemea bega langu lile lile linalouma, tukasimama kila baada ya nyumba tatu ili apumue. Nyuma ya ofisi walikuwepo watu wameketishwa chini katika mstari, wamefungwa mikono. Ofisa mmoja alimkaribisha baba kwa heshima, akampa kiti, akamwambia aonyeshe walioingia nyumbani kwake. Yule kijana aliyeimba nasi alikuwa wa nne kutoka mwisho. Hakuwa na majani tena. Aliponiona alishusha macho haraka, na mimi, mjinga wa miaka minane, nilifungua mdomo nimwambie kwamba ilikuja.

Vidole vya baba, aliyekuwa amefuata macho yangu, viliingia begani mwangu hadi kwenye mfupa.

"Huyu," baba akasema, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, "simujui kama mwasi, afande. Minye nilikuwa darini, sikuona sura ya muntu. Nilisikia batu banasuka maziwa tu. Lakini angalia mikono yake. Hii ni mikono ya mufugaji."

Ofisa aliitazama mikono. Wakamfungua kamba, wakamhamishia upande wa pili wa uwanja, pamoja na wachache waliorudishwa kwao siku hiyo. Waliobaki kwenye mstari sijui walikwenda wapi. Nasema sijui, lakini nilisikia, kama mlivyosikia ninyi.

Nilipokuwa sekondari, wakati ugonjwa huu wangu wa kufikiri ulipokuwa umeshakomaa, nilimwuliza baba. Wale wengine je? Labda na wao kuna nyumba waliyoimba. Alikuwa akinywa chai, kifua kikimpiga filimbi.

"Muntu ametoka darini, anasimama mbele ya bunduki," akasema. "Unafikiri iko na maneno ngapi? Minye nilikuwa na moja. Nililitumia." Akainua kikombe, akakishusha. "Na weye karibu unipotezee hilo."

Kifua hicho ndicho kilichomchukua, miaka mitatu sasa. Mama Nyamwiza alikuwa amesharudi Bijombo zamani, baada ya amani kidogo kupatikana, akianza tena na mtamba mmoja. Hakuwahi kunilaumu juu ya Bihogo. Nilipomwomba msamaha, siku ya kuondoka kwake, alinikanda mikono kama kawaida yake, akasema ng'ombe alikufa kwa kisu na si kwa majivu, halafu, baada ya kufikiri, akaongeza: "Lakini usirudilie."

Jana nilinunua maziwa kwa mchungaji apitaye asubuhi, kiasi nilichoweza, si kingi. Yalikuwa yamelala siku mbili kwake. Mama mdogo ametuachia watoto wake watatu wasome hapa mjini, nikawakalisha mkekani, nikawafundisha: miguu hivi, mkono hivi. Walipenda sana kwa dakika tano. Jirani, mjukuu wa yule mama wa chumvi, aliingia kuomba kiberiti, nikamshikisha kibuyu kabla hajasalimia, akadhani nimerukwa na akili. Mama alikuwa akichambua sombe mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Yaya, niko nachoka," mdogo wao akasema.

"Imba," nikamwambia. Sikupanga kulisema. "Imba kwa nguvu."

Akaimba kidogo, sauti ikazama. Mkubwa wake naye akaacha. Kibuyu kikasimama mapajani mwake, siagi bado, na wote watatu wakanitazama waone kama nitakasirika. Nyumba ikawa kimya. Nikagundua kwamba nimeinua uso, kwamba naitazama dari, ile ile, matete yale yale yaliyokwisha kuwa meusi, na kwamba mama pale mlangoni ameacha kuchambua na anatazama nilikotazama.

Tukasikiliza, mimi na yeye, muda mrefu. Hakuna vumbi lililoshuka.

"Baache," mama akasema. "Baache bapumuzike."

Nikakichukua kibuyu. Niliwaambia wanaweza kunyamaza, hata kulala kama wanataka, na mdogo akalala hapo hapo, miguu yake imenyooshwa. Nilimalizia peke yangu, polepole, bila wimbo, mpaka sauti ilipobadilika.